Lyimo Yupi?

Saa nane usiku, Moshi imelala na mlima wake.
Sisi tuko macho. Kutoka njia panda ya Himo
wametushushia wawili kwa gari moja la mbogamboga:
vitanda viwili, pazia moja katikati,
na damu inayonuka vitunguu.

Pikipiki kwa pikipiki, uso kwa uso.
"Jina?" nikauliza.
"Lyimo," akasema aliyewaleta, "na huyu naye Lyimo."
Nikaandika Lyimo. Nikaandika tena Lyimo.
Huku kwetu jina la ukoo ni mgomba:
ukigeuka tu, umeshazaa watatu pembeni.

Mnaijua ile methali ya haraka na baraka.
Aliyeitunga hajawahi kutafuta mshipa
unaoponyoka kidoleni kama mkia wa mjusi.
Kwetu haraka ndiyo baraka yenyewe,
mpaka dakika ile inapogeuka.

Mfuko ukaja kutoka maabara. Kundi B.
Nikautundika. Mkono wangu uliijua njia,
na mkono uliozoea hauulizi.

Bi Aikande alikuwa akipiga deki chini ya kitanda.
Miaka kumi na tisa anapiga deki humu,
hajaulizwa neno hata siku moja.
Akainuka, akautazama mfuko,
akaitazama miguu ya mgonjwa.
"Dada Nakaniwa," akasema, "Lyimo yupi?
Kijana wa maabara nilimwona
akimtoa damu mwenye kiatu kimoja.
Huyu anavyo vyote viwili."

Koki nilikuwa nimeishika.
Sikuifungua.

Basi, ndiyo hayo tu. Hakuna aliyekufa.
Huyu wa viatu viwili ni kundi O, tulikuja kupima.
Nilikwenda chooni nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
hadi magoti yakanirudia.

Asubuhi Sista Ndeonansia akatuita.
Barua ya kujieleza nilishaitunga kichwani,
na uongo wake: eti nilikuwa ndiyo kwanza nahakiki.
Enzi za aliyemtangulia kosa lilitafutiwa uso,
na uso ukakatwa mshahara.
Kwa hiyo makosa yetu tuliyazika usiku, bila matanga.

Yeye akafungua daftari la shule lenye picha ya twiga.
Hakuuliza nani.
"Ilikuwaje?" akasema. "Anza na taa."
Taa? Ya kitanda cha nne imeungua tangu masika.
Utepe wa mkononi? Uliisha Jumanne.
Wauguzi? Wawili, kwa wagonjwa ishirini na mmoja.
Akaandika yote, kwa herufi za mwalimu wa darasa la pili.
"Na mimi?" nikamuuliza.
"Nawe umo. Mstari wa sita."

Sitadanganya: taa ilichukua miezi miwili.
Utepe bado tunakata plasta,
tunaandika kwa kalamu nzito majina matatu
na kijiji alichozaliwa mama.
Lakini sasa, kabla ya koki yoyote,
awe bingwa, awe mwanafunzi,
mtu anasimama upande wa pili wa kitanda
na kuuliza: Lyimo yupi?
Hata kama mgonjwa ni Shayo.
Hata kama yuko peke yake wodini.
Wageni hucheka.
Bi Aikande hacheki; siku hizi tukikabidhiana zamu
naye yupo, ndoo miguuni,
na akikohoa, tunanyamaza.

Yule wa viatu viwili alirudi kutoa nyuzi,
na mkungu wa ndizi begani, wa kunishukuru.
Ningeweza kuupokea nikanyamaza.
Nikamwambia. Koki, mfuko, pazia, yote.
Hakusema kitu kwa muda mrefu.
Aliinama tu,
akavitazama viatu vyake.