Mzigo wa Mtu

Isevya, saa nne usiku. Umeme umerudi.
Kabula anafungua mchezo,
bando la usiku lisije likaisha bure.
Chomboni mwake mna kasha la mtu
anayejiita Ng'wana Igembe; hawajawahi kuonana.
Nusu ya malipo mbele. Sharti moja: usifungue.

Kwenye lango la nyota ya tatu
wapo wenye kurunzi. Wanakumulika mpaka tumboni:
chuma kiasi gani, dawa, bei yake,
halafu wanapiga hesabu kama roho yako inalipa.

Kwa hiyo hufunga mara mbili.
Kasha ndani ya kasha, juu anaandika: MICHEMBE.
Mchana, ofisi ya vifurushi, stendi ya Tabora,
hufanya vivyo hivyo: dumu la asali
analivika gunia, gunia analishona,
na mdomo wake pia.
— Mna nini humo, dada?
— Mna cha mwenyewe.

Babu wa babu yake alikuwa mpagazi.
Alitembea miezi mitatu hadi pwani
na hakujua alichobeba.
Bega lilijua uzito; uzito ulitosha.

Kurunzi inawaka. Kabula hapumui.
Michembe? wanaulizana, Mkorea, Wabrazili wawili,
kamusi zao hazina.
Wanampisha.

Anafikisha. Upande wa pili kasha linafunguliwa,
yeye haoni. Linakuja neno moja: Asante.
Anazima taa, anatafuna michembe yenyewe,
ile ngumu, ya mwaka jana, taratibu,
na haulizi.
Yaani, haulizi kwa sauti.