Ninao, Unao

Maneno mawili alinifundisha kabla ya injini,
kabla ya mabawa na ule upepo unaobeba chuma:
yeye akisema *Ninao*,
mimi nijibu *Unao*, na niachie.
Nikisema mimi, ataachia yeye.
"Usukani wa wawili ni wa shetani," alisema Kapteni Shebwana,
akafuta miwani kwa ncha ya tai
akanituma chini ya bawa na kichupa
nikinge petroli, nitazame kama ina maji.

Haikuwa na maji. Andikeni hivyo.
Nimewaambia mara tatu.
Nilikiinua kichupa kwenye jua la Port Reitz:
buluu, kama ile ya kufulia kanzu.

Saa moja angani ilikuwa mbuzi watatu.
Nyumbani Miritini hatukuhesabu shilingi.
Mama alirudi mnadani Mariakani na kamba mikononi,
kamba tupu, na kitabu changu cha masaa kikajaa.
Asubuhi ile nilikuwa nimesharuka
mbuzi themanini na mmoja.

Mnara ulituruhusu kwa sauti ya mtu anayekunywa chai.
Chini, mabati ya Chaani,
makasha ya bandari kama vibiriti vya mtoto mpenda mpangilio,
halafu maji, halafu mikoko.

Futi mia nne, injini ikakohoa.
Si kishindo. Kikohozi tu,
cha mgeni anayetaka kuaga na haya zimemshika.
Ndipo nikaliona pangaboi.
Likizunguka, halionekani.

*Ninao*, akasema.
*Unao*, nikasema.

Hapa wakili wa bima husogeza kiti.
Hapa mwenyekiti huvua kofia ya kalamu.
*Binti Mbeyu, uliachia?*

Nyuma yetu uwanja ulikuwa mpana, mkavu, unaita.
Yeye hakugeuka.
Alikuwa amenionya: wanaougeukia huzikwa karibu nao.
Alitafuta mbele, penye tope,
akawa anaongea polepole, na mnara au na Mungu,
sikujua ni yupi, sauti ilikuwa moja.

Mdomo wangu uliachia.
Vidole havikusikia.

Hakunipiga. Hakunivuta.
Aliweka kiganja juu ya mkono wangu
kama mwalimu wa chuo anavyomshika mtoto
kumwandikisha alifu yake ya kwanza,
tukaishusha pua pamoja,
wawili, kwenye kile alichokiita cha shetani,
na ndege ikatii.

Nasema ilitii.
Bawa la kushoto ndilo lililobaki juu ya mti.
Upande wake ndio uliokutana na shina.

Wanawake wa Tsunza waliokuwa wakigonga chaza
walikuja wamezama hadi mapajani.
Mmoja aliniuliza jina langu, nikamjibu, akaniuliza tena,
akaniuliza tena, asiniache nilale.
Mwingine alifungua leso kiunoni akamfunika yeye.
Leso ile ilikuwa na maneno. Sikuyasoma.
Hilo hawajaniuliza, nami hujiuliza mwenyewe,
usiku, nikisonga sima:
ilimwambia nini?

Leo wameniletea fomu.
*Wakati wa ajali, usukani ulikuwa kwa:*
kisanduku cha mwalimu,
kisanduku cha mwanafunzi.
Nimepindua karatasi. Nyuma ni tupu.

Mjane wake ameketi safu ya pili, na ile miwani mfukoni;
kioo kimoja bado kizima.
Nikiweka alama kwake, atabeba kosa ambalo si lake peke yake.
Nikiweka kwangu, nitakuwa nimemnyang'anya
jambo zuri la mwisho alilolitenda.

Nimeshika kalamu.
Mkono wa kulia una uzito ambao si wake.

Nje, kwenye benchi, mama anangoja.
Ameniambia amebakiwa na mbuzi sita.
Hakuongeza neno.
Saa mbili.