Mpira wa Kijivu

Fundi Venansi alikuja Jumamosi, saa sita ya jua,
na msumeno, kopo la gundi,
elbo mbili na maneno mengi.
Akaulaza mpira wa kijivu sakafuni,
akausokomeza mdomo wake kwenye tundu la bafuni,
akauzungushia rambo, ile ile iliyopigwa marufuku,
na tepu juu ya tepu, asipite hata sisimizi.
"Sista Ndeshi, mambo ya karai yamekwisha."
Nikampa elfu ishirini na tano.
Akaomba na ya soda.

Usiku Rau ilipotulia
nilibonyeza kitufe, nikavuta kigoda.
Maji yakaingia kwa sauti ya mbuzi
anayekojolea majani makavu ya mgomba.
Yakaingia. Yakaingia.
Magauni yangu ya wodini
hayakuzunguka hata mara moja.
Nje ukutani mita ilikuwa inakimbia
kama mtu aliyeachwa na basi la Dar.
Nikainama, nikatega sikio tunduni:
kumbe huko nako yanashuka, taratibu, kwa adabu,
yanaelekea chemba, yanapita kwa kina Mariki,
na bili inakuja kwangu.

Yanaingia huku, yanatokea kule.
Mshahara wangu nao una mwendo huo.

Nikazima. Nikampigia Venansi: hapatikani.
Nikakaa gizani na ndoo yangu ya zamani,
ikinitazama kama mke mkubwa.

Ndipo nikacheka, peke yangu, kwa nguvu,
hadi mbwa wa jirani akabweka.
Miaka kumi na tisa natundika dripu juu ya vichwa vya watu
na mfuko wa mkojo chini ya kitanda.
Miaka kumi na tisa nawafokea wanafunzi:
"Usiuinue mfuko! Unataka mkojo urudi ulikotoka?"
Chupa ikiwa juu, maji humshukia mgonjwa;
mfuko ukiwa chini, mgonjwa humwaga bila kuombwa.
Na hii mashine, maskini ya Mungu,
mpira wake umelazwa chini usiku kucha.
Nimeitia katheta,
halafu nakaa nashangaa mbona kibofu hakijai.

Asubuhi nikakata tepu kwa mkasi wa bandeji.
Elbo za Venansi, alizozisahau juu ya mashine,
nikaziunganisha zikawa kona yenye tumbo,
ya kubaki na maji yake kidogo hata kiangazi,
ili mende wa chembani wabishe hodi
wakute kumefungwa.
Juu yake nikasimamisha kipande cha paipu ya inchi mbili,
hadi usawa wa kiuno changu.
Mpira nikaupandisha ukutani,
nikaufunga kwa katani kwenye msumari wa kalenda ya parokia,
nikaupinda kama shingo ya korongo,
nikauacha ushuke paipuni
bila gundi, bila rambo, nafasi ya kidole pembeni.
Paipu nayo ina mapafu.

Mama alishuka kutoka Uru na mkungu wa ndizi,
akaketi mbele ya kioo, mkoba mapajani,
akaangalia magauni yakipinduka kama watoto mtoni.
Hakuuliza bei. Hakuuliza umeme.
"Maji yake yanakwenda wapi?"
Kwao, kwenye mfongo, mwenye nguo chafu
alishuka chini ya mwenye kuchota,
na aliyekosea alilipa kwa pombe.
Nikamwonyesha mpira: yanapanda kwanza, mama, halafu yanashuka.
Akautazama muda mrefu.
"Kwa hiyo siku hizi hata maji machafu
yanapandishwa cheo kabla ya kufukuzwa."

Mashine ikaguna, ikatetemeka,
mpira ukakakamaa kama mshipa wa mkono,
na maji ya sabuni yakaanguka ndani ya paipu
mara moja, yote, kwa wakati wake.

Saa tisa simu ikaita.
"Sista, ulinitafuta?"
Nikamwambia hapana, fundi,
nilitaka tu kukuuliza
elbo moja siku hizi ni shilingi ngapi.