Kwa Kina Kegode

Ukishaipita Chavakali, ulizia mwamba wenye umbo la ng'ombe aliyelala.
Chini yake kuna lango la mabati, limeandikwa kwa rangi:
MICHE. VIUNGO. DAWA. BISHA KWA NGUVU,
maana sikio la kushoto la mzee Kegode limeshastaafu.

Nikabisha. Akatoka mbwa, wakafuata bata watatu,
kisha Logose, wa kidato cha pili,
udongo umempanda hadi viwikoni.
Akanipa kifundo cha mkono nimsalimie.
"Unatafuta nini?"

Hapo nikakwama.
Jina sina. Nina harufu tu.
Mama alikuwa akiichemsha usiku, kifua kikinibana,
katika sufuria ndogo, ile iliyopinda mdomo,
akanifunika blanketi mimi na mvuke,
akisema vuta, vuta tena, usiniletee ujeuri.
Sikuuliza inaitwaje. Nani huuliza jina
la kitu kilichopo kila siku?
Machi tulimzika.
Aprili nikaanza kukohoa.

Logose hakucheka. "Basi tutanusa," akasema.

Tukaanzia upande wa tangi.
Miche imepandwa ndani ya chochote kilichokataliwa:
mikebe ya kasuku, madumu ya mafuta yaliyokatwa kiuno,
buti moja la mvua, mnanaa umelijaa hadi kooni.
Majina yaliandikwa kwa chaki kwenye vipande vya vigae,
na mvua ya jana, ile ya saa tisa isiyokosa miadi,
imeyafuta yote.
"Baba alimwambia Afandi atumie rangi.
Afandi akasema rangi inauzwa, chaki iko shuleni."

Akawa anavunja jani, ananisogezea puani.
Mchaichai: hapana, hiyo ni chai ya wageni.
Rosmari: hapana, hiyo ni nyama ya hoteli.
Mwarobaini sikuukaribia,
mimi naye tuna kesi tangu utotoni.
Kivumbasha:
nikasimama. Nikafumba macho.
Hapana. Ni ndugu yake tu.
Kama sauti ya mama mdogo kwenye simu,
moyo unaruka kwanza, halafu unakumbuka.

Mideva, mamake Logose, akaegesha toroli la samadi
akanihoji kama karani wa zahanati.
Majani yake yana manyoya?
Sijui, mimi niliyaona yakiwa yameshaiva.
Maji yake rangi gani?
Ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Mbuzi wenu waliyala?
Nikafikiri. Hawakuyala. Hata yule mbuzi aliyekula kitabu changu cha hesabu.
"Aa," akasema, akaondoka kuelekea uani.

Penye ua kulikuwa na rundo la magugu ya asubuhi,
yamelegea, mizizi juu.
Akachakura, akachomoa kijiti kimoja,
na kabla hajanifikia
ikanifikia:
blanketi, giza, kiganja chake mgongoni kikipiga taratibu
kama mtu anayebisha mlango anaojua utafunguliwa.

Niligeuka nikawatazama bata kwa muda.

"Hii hatuuzi," Mideva akasema. "Hii tunang'oa.
Tunang'oa, inarudi."
Akaikandamiza ndani ya mkebe, akaimwagia maji kidogo.

Nikauliza jina lake.
Kegode, aliyekuwa amesogea na sikio lake la kulia, akataja moja.
Mideva akasema kwao, Tiriki, haliitwi hivyo kamwe.
Logose akaleta la tatu, refu, la darasani,
akasita katikati, akalirudia upya.
Nikawaacha wakibishana,
mkebe kifuani, udongo baridi ukinilowesha shati.

"Nilipe ngapi?"
"Mmea ni bure. Udongo shilingi kumi.
Mkebe urudishe."

Uko dirishani. Umetoa majani mawili mapya,
na kweli yana manyoya.
Mkebe bado sijaurudisha.