Inavuja Kuelekea Nje

Mashua yetu haijaona ziwa.
Miaka mitatu imekaa nyuma ya nyumba, hapa Tukuyu,
kati ya migomba na banda la ng'ombe,
omo ikitazama choo cha jirani.

Huku mvua haiombwi. Huja tu,
kama shemeji.
Mwezi wa nne Ambilikile aliondoa turubai makusudi,
akaiacha mashua inywe usiku kucha.
Asubuhi tuliizunguka na vipande vya mkaa:
kila penye tone, alama.
"Wenzetu wanaogopa maji yasiingie," alisema,
"sisi tuyaangalie kwanza yanavyotoka."
Alama arobaini na moja.
Nilizihesabu mimi. Yeye aliishia thelathini
akaenda kunywa chai.

Maneno yenyewe tumeazima.
Mkuku, mataruma, foromali, demani:
aliyaokota karakana ya reli, kule Mbeya,
kwa fundi mmoja wa Tanga
aliyechomelea mabehewa huku akiikumbuka bahari kwa sauti.
Nami nikisikia kalafati nadhani ni jina la mtu,
mjomba mnene, mwenye deni.

Tanga nimelishona kwa cherehani ya miguu,
ileile iliyoshona sare za nusu ya mtaa.
Kitambaa kilijaa sebule, kikapanda makochi,
kikatokea mlangoni.
Kuku akataga ndani yake mayai manne.
Tulingoja wiki tatu.

Tumegombana juu ya chungu.
Yeye anataka sufuria, sufuria haivunjiki.
Mimi nikamwambia: chungu hiki kilitoka Ikombe kwa mtumbwi
kabla mimi na wewe hatujazaliwa.
Humu ndani ni chenyewe tu kilichowahi kusafiri majini.
Akakitazama muda mrefu.
Akakifungia kamba ya katani, mafundo mawili, chini ya mlingoti.

Watoto wanapiga simu, mmoja Makambako, mmoja Dodoma:
"Mama, mzuie baba."
Nasema nitajaribu.
Hawajui wazo lilikuwa la nani.
Alipostaafu alirudi na saa ya ukutani na cheti,
akakaa.
Akakaa mpaka kiti kikashika umbo lake.
Siku moja ukungu ulipasuka, ziwa likaonekana kule chini,
jembamba, jeupe, kama bati jipya,
nikasema: yule jirani tunamwona miaka thelathini,
hatujaenda hata kumwamkia.

Jumamosi lori la ndizi litatushusha mpaka Matema.
Kutoka hapo Mbamba Bay, kisha kusini,
mpaka ziwa litakapochoka.
Mchele upo, chumvi ipo, mishumaa, dawa ya homa, betri za tochi.
Ukuta wa banda tutaubomoa kidogo, mashua ipite.
Ng'ombe tumeshamwambia.

Jana ilikuwa siku ya tatu ya mvua bila kupumzika.
Usiku tulitoka tukapapasa mbao, alama kwa alama.
Pakavu.
Maji yote yamo ndani, yametulia,
hayana pa kwenda.
Ambilikile akavua viatu, akapanda, akaketi humo,
yakamfika kiunoni,
akashika usukani na koti lake la reli mabegani.
Hajui kuogelea, huyu.
Tumejaribu mara mbili mtoni Kiwira, akanishika shingo.

"Baridi?" nikamuuliza.
"Sana."
Migomba ikatikisika, yote, upande mmoja.
Nikazima tochi kuokoa betri,
nikakunja khanga,
nikaingia.