Mbuzi Hakupanda Gari

Orodha ya chuo niliichapisha kazini, kwa wino wa bosi.
Shuka mbili. Foronya. Taulo. Sufuria ndogo yenye mfuniko.
Na chini kabisa, kwa herufi nene:
hairuhusiwi mishumaa, jiko la umeme, wala wanyama.

Nikauliza, mbuzi je?
Ukanikata jicho, Zulekha,
jicho la bibi yako mzaa baba, aliyenipa mbuzi huyo
siku ya kuondoka, akisema Ulaya hakuna kukuna.
Afisa wa Heathrow alimgeuza juu chini,
akajaribu meno yake kwa kidole, akanywea,
akagonga muhuri.

Hapa Leicester umempanda kama farasi
kabla hujajua kazi yake.
Nikamtia kwenye boksi la vyombo. Ukamtoa.
Nikamtia chini ya blanketi. Ukamtoa,
ukamweka kwenye ngazi, uso ukutani,
kama mtoto aliyekosa adabu.
"Mama, Dundee nazi zinauzwa zimeshasagwa, kwenye kopo."
Haya.

Bizari nimeiandika jina kwa kalamu nzito
wasije wakadhania mengine.
Iliki iko kwenye kichupa cha aspirini, usimeze.
Bi Maureen wa namba kumi na nne kaleta mwavuli;
upepo wa kule utaula, lakini mshukuru.
Nadhiri anapima chumba chako kwa hatua za miguu,
anarudi, anapima tena, kana kwamba kimekua.
Baba yako alitaka kutia nasaha.
Nikamwambia nasaha hazina zipu,
zitamwagika njiani, zichafue shuka.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wako niliupima kwa mizani ya bafuni,
begi baada ya begi, mimi nimelikumbatia,
kisha nikatoa uzito wangu.
Hesabu ilikataa kila mara.

Usiku ukauvua ufunguo wa nyumba,
ukauweka juu ya friji: nisije nikaupoteza.
Nikaurudisha kwenye koti lako.
Asubuhi niliukuta juu ya friji.
Nikaurudisha.
Hatukusemezana. Chai ikanywewa.

Penrith mvua. Carlisle mvua.
Mpakani jua likatoka, baba yako akapiga honi, mwenyewe tu.
Chumba chako: kitanda, meza, dirisha,
na daraja la reli limelala juu ya mto
refu kuliko nilivyotaka.
Tulirudi na gari jepesi. Lilikuwa linayumba.

Novemba, Jumapili, simu.
Umeona nazi dukani, nzima, yenye manyoya,
katikati ya matofaa, haina mtu.
Umeinunua bila kufikiri.
Umeipasua kwenye ngazi za nje, maji yakamwagika,
umekuna kwa kijiko saa nzima,
ukapata tui la kikombe kimoja cha kahawa
na plasta kwenye kidole gumba.
Ukanyamaza. Nikasikia friji yenu ikinguruma.
"Mama. Yule mbuzi."

Neno lilinijia mpaka kwenye meno.
Nikalimeza.

Jumatatu posta nimempakata, nimemfunga kanga mbili
na gazeti la bure la mtaani.
Kijana wa dirishani, Gurdeep kwa kibandiko chake,
kauliza, ndani mna nini?
Nikatafuta neno la Kiingereza;
lililokuja lina pembe na ndevu.
Nikasema, kiti.
Kina ncha kali?
Nikasema, kina meno, ila kinamjua anakokwenda.

Akapima. Kilo tatu na robo.
Hii hesabu ilikubali.
Akauliza kifike lini.
Nikatazama saa iliyo juu ya kichwa chake:
saa kumi na nusu.
Muda huu umesharoweka mchele.