Ukuta wa Muyeye

Famau alilipwa kwa kunguru, si kwa siku.
Hoteli za Casuarina zilimwita alfajiri,
kabla wageni hawajaamka kuporwa mkate,
naye alikwenda na bunduki ya upepo ndani ya gunia la unga.
Aliukunja mtutu, akapachika risasi moja
yenye kiuno chembamba kama cha nyigu,
akaufunga: tak.
Kisha kimya.
Kisha kitu cheusi kikishuka kwa kishindo juu ya makuti.

Mimi bintiye nafanya kazi Muyeye,
kiwanja cha vita vya uongo:
matairi, mapipa, ukuta mrefu wa mabati,
vijana wa Nairobi na vinyago usoni
wakiuana kwa rangi ya chungwa.
Kazi yangu ni kuosha ukuta.

Jumatatu moja, hakuna mteja, baba akaja kunicheka.
"Hiyo ni bunduki, au bomba la dawa ya mbu?"
Tukapanga vifuniko vya soda juu ya pipa,
hatua thelathini, nikazipiga mimi,
maana zake huongezeka akiwa na furaha.

Vyake vitano. Vyote vitano vikalia, vikaanguka.
Siri, alisema, iko ndani ya mtutu:
mifereji inayoizungusha risasi kama pia,
na kinachozunguka hakiyumbi njiani.

Yangu ya kwanza ikamkosakosa Tsofa aliyekuwa akifagia.
Ya pili ikapinda hewani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Ya tatu ikapasukia mdomoni mwa bunduki,
kwani joto la Malindi huvivimbisha vidonge vile,
vikalegea kama mayai ya mjusi,
na mtutu wake ni laini, hauna cha kuvifundisha.
Ya nne, ukuta.
Ya tano, ukuta tena, dhiraa nzima juu ya pipa.

Baba alicheka mpaka akakohoa.
Nikachukua ndoo na brashi.

Hapo akanyamaza.
Ukuta ulikuwa umeyaandika yote:
hapa alikosa, hapa alikosa zaidi,
hapa alikaribia,
na wino bado unachuruzika.

"Zangu zilizokosa," akauliza,
"wadhani ziko wapi?"

Sikumjibu. Miaka ishirini na miwili ya kunguru.
Nilimfikiria paka wa kina Mwanasiti mwenye jicho moja,
tangi la shule lililovuja bila sababu,
na adhuhuri ile, nikiwa darasa la pili,
aliporudi mapema, gunia limefungwa fundo mbili,
akanawa mikono mara tatu
na chakula akakisogeza kando.

Akaninyang'anya brashi.
Akasugua polepole, toka kushoto,
kama mtu anayesoma kwa kidole.
Nilipotaka kumsaidia kwenye doa la mwisho,
lile la juu kabisa,
akanishika mkono.
"Hilo," alisema, "liache."